Virginie Hapiki Hadi Mwezi wa Saba

Nimechoka kusikia watu wa mtaa wetu wakisema kwamba mimi, Adèle, ndiye niliyezima moto katika nyumba ya Virginie. Eti nilimroga kwa maharage yangu. Eti nilikuwa natafuta wateja. Ni kweli nauza maharage, bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo kando ya barabara hapa Butembo, hatua ishirini kutoka mlango wake, na ni kweli mwaka huu familia yake ilikula kwangu kuliko watu wote. Lakini moto aliuzima mwenyewe, mchana kweupe, akiwa na akili zake timamu. Mngekuwa na haya kidogo mngemwuliza sababu, kabla ya kuja kunisema mbele ya sufuria zangu huku mnaomba niwaongezee mchuzi.

Sababu ndiyo hii. Virginie amefundisha darasa la kwanza kwa miaka kumi na minne katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko. Nusu ya vijana wanaopita hapa kwa pikipiki yeye ndiye aliyewashika mkono wakaandika herufi ya kwanza. Ila hakuwa na diplome ya serikali. Alipokuwa mwaka wa mwisho wa sekondari kwao Beni, vita vilifunga shule, kisha akaolewa, kisha watoto wakaja, na shule ile ilipotafuta mtu mwenye subira ya kukaa na watoto wadogo hakuna aliyeuliza karatasi. Desemba iliyopita mkurugenzi mpya akauliza. Alimwita ofisini, akamwambia kwa sauti ya upole, ile inayoudhi kuliko matusi, kwamba akifika Septemba bila diplome darasa lake litapewa Jephté, kijana aliyemaliza ualimu juzi tu. Alimwachia kitu kimoja: kuanzia Pasaka angempa ruhusa asome, na Jephté angemshikia darasa.

Sasa itazameni siku ya mwanamke huyu. Asubuhi yuko mbele ya watoto sitini na wawili. Saa nane mchana anakwenda kwenye ukumbi wa parokia, ambako watu wazima wanaojiandaa kwa mtihani wa serikali husoma pamoja. Anarudi jua likizama. Halafu awashe makaa, achambue maharage, atwange sombe, asonge bukari ya watu sita, aoshe vyombo. Kitabu cha hesabu atakishika saa ngapi? Mwezi wa kwanza alijaribu. Nilimwona kwa macho yangu akikoroga kwa mkono mmoja, daftari katika mkono mwingine, na kila baada ya siku mbili harufu ya bukari iliyoungua ilinifikia hadi hapa.

Jumapili ya mwisho ya Januari, baada ya misa, akawaita wote sebuleni. Alikuwepo mume wake Mathe, fundi wa pikipiki. Binti yao Jemima, mwenye miaka kumi na sita. Wavulana wao wawili. Na mama mkwe, Koko Kavuo, bibi wa watoto hao, aliyekimbia Luofu vita vilipopanda kule, akafika Butembo na nguo alizovaa na kuku mmoja kwapani. Mimi pia aliniita, nami nikadhani kuna harusi.

"Musikie muzuri," Virginie alisema. "Kuanzia kesho mimi hapana pika. Mpaka mwezi ya saba, examen ikiisha. Chakula mutakula kwa Adèle. Asubuhi Mathe atanunua mukate, mutakunywa chai."

"Mais Jemima si iko?" Mathe alisema. "Anaweza kusaidia kidogo."

"Jemima hapana. Iko na masomo yake. Nikimupatia mwiko leo, kesho na yeye atakuwa mama ya miaka makumi ine mwenye anatafuta diplome."

Mathe akakuna kichwa. Ni mtu mwema, siwezi kumsingizia, lakini mambo yakiwa magumu hukuna kichwa na kungoja yapite. Koko Kavuo hakungoja.

"Kule Luofu niliacha nyumba, moto ikazimika sababu batu balikimbia," alisema taratibu. "Nyumba yenye haina moto ni nyumba ya batu benye bamekimbia. Sasa huku nani anakimbia?"

Virginie alikwenda jikoni, akamwagia maji makaa yaliyobaki.

Kesho yake alfajiri nilipokuwa nachochea jiko langu niliona moshi mzito ukitoka kwenye jiko la Virginie. Nikasema moyoni, ahaa, ameshindwa siku ya kwanza tu. Nikaenda kuchungulia. Alikuwa Koko Kavuo, amekaa kwenye kiti kifupi, anachoma majani mabichi ya mikaratusi. Juu ya moto hakuna sufuria, hakuna hata maji. Nilimwuliza anapika nini.

"Napika moshi," alinijibu. "Majirani baone."

Kupika chakula katika jiko la mke wa mwanawe asingethubutu. Kwa watu wa rika lake hiyo ni kumwondoa mkwe akiwa bado hai. Lakini moshi hauna mwenyewe. Basi ikawa kila alfajiri: bibi anapepea majani mabichi, moshi unaingia kwa dirisha la chumba ambamo Virginie anasoma historia, Virginie anakohoa na kusoma kwa sauti zaidi, bibi anaongeza majani. Hawakutupiana neno hata moja. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kisha siku moja nilimwona yule mama amemaliza majani na bado amekaa mbele ya moto ule usio na kitu, mikono magotini, na uso wake ulikuwa umefika Luofu. Tangu siku hiyo sikucheka tena.

Mtaa, bila shaka, haukudanganywa na moshi, maana watoto walikuwa wanapita na bakuli za kwangu. Maneno yakaenea. Katika shirika letu la wakristo, mama mmoja aliombea "nyumba zenye zimekuwa baridi", macho yake yametua kwa Virginie. Virginie akaitikia Amina kwa sauti iliyowashinda wote. Akatoka, akaenda zake parokiani kusoma fizikia. Mimi nilibaki nikamwuliza yule mama ni lini mara ya mwisho mume wake alikula nyumbani bila kulazimishwa. Sijutii.

Pasaka ilipofika akaja Manassé, kaka mkubwa wa Mathe. Anakaa Beni, ananunua kakao kwa wakulima wa kule Mbau, na katika familia yao neno lake ndilo la mwisho tangu baba yao afariki. Alikuja na njaa ya sikukuu. Alikaa mezani, akafungua vifungo vya koti, akangoja kuku. Wakamletea maharage yangu. Nayaheshimu maharage yangu, lakini nakiri kwamba kwa Pasaka na kwa mtu kama Manassé yalikuwa matusi.

Jumatatu ya Pasaka akaitisha kikao. Dirisha lilikuwa wazi, na mimi nilikuwa na kazi ya kufagia chini ya dirisha hilo.

"Mwanamuke mwenye hapiki, kwetu dawa yake inajulikana," Manassé alisema. "Anarudi kwabo. Akikumbuka sufuria, tutaenda kumuchukua."

Hiyo ni adhabu ya zamani, na si mchezo. Mke akikosa hurudishwa kwa wazazi wake, akae huko na aibu yake mpaka watu wa mume waende na wazee na mbuzi, maneno yasemwe, ndipo arudi. Nimewahi kuona wanawake wakipiga magoti ili wasipelekwe. Nikaacha ufagio.

"Kule kwetu nikae muda gani?" Virginie aliuliza.

"Mpaka ukumbuke."

"Na nitakuwa nafanya nini?"

"Hakuna kitu! Utakaa. Utawaza."

Virginie aliinamisha kichwa kama heshima inavyotaka. Wanaume wale waliona mwanamke aliyevunjika. Mimi kutoka dirishani niliuona mdomo wake, na alikuwa ameung'ata ili asicheke.

Maana Manassé, pamoja na busara zake zote, alikuwa amesahau jambo ambalo kila mama wa huku analijua. Binti aliyerudishwa haruhusiwi kugusa jiko la mama yake mpaka kesi yake iishe. Akishika mwiko pale, ni kama amesema ndoa imekufa na amerudi kukaa. Kwa hiyo analetewa. Chakula analetewa, chai analetewa, hata maji ya kuoga. Manassé alitaka kumwadhibu mwanamke kwa kutopika, akampeleka mahali pekee duniani ambapo kupika amekatazwa.

Nilimsindikiza mpaka kwenye magari ya Beni. Begi la nguo lilikuwa dogo, la vitabu tulilibeba wawili. Alipowakumbatia watoto alilia kwelikweli, na Jemima alilia zaidi, nami nikamlaani Manassé na kizazi chake. Lakini alipobaki na mimi alijifuta uso, akanishika bega.

"Adèle," alisema, "bananipatia congé, likizo ya bure."

Mwishoni mwa Mei nilishuka hadi Mbau kununua mawese, na nikirudi nikapita Beni kumsalimia. Nilimkuta barazani kwa baba yake, miguu juu ya kigoda, daftari mapajani, kikombe cha chai pembeni. Amenenepa! Baba yake, mzee Muyisa, karani mstaafu, alikuwa amevaa miwani, ameshika maswali ya mitihani ya miaka iliyopita na anamwuliza kwa Kifaransa cha zamani, kile cha kukunja ulimi. Akikosea, mzee anapiga fimbo sakafuni. Mama yake alikuwa anapita na sahani ya ndizi akituomba tusiongee sana, mtoto anasoma.

Na jambo tamu kuliko yote: nyumba ya Manassé iko kwenye barabara hiyohiyo. Kila asubuhi akienda kwenye kakao yake ilimlazimu kupita mbele ya baraza lile. Watu walikuwa wameanza kumwuliza kama shemeji yake yuko likizo. Siku ile niliyokuwepo alisimama, jasho likimtoka saa mbili ya asubuhi.

"Virginie, umekumbuka?"

"Nakumbuka mingi, shemeji," Virginie alijibu kwa adabu zote, akasimama kabisa. "Uniulize théorème yenye unapenda."

Manassé aliendelea na safari yake. Mzee Muyisa alipiga fimbo sakafuni, ingawa safari hii hakuna aliyekosea.

Mathe naye alikuwa amejaribu. Wiki ya tatu alipanda pikipiki peke yake na samaki wakavu wa Kyavinyonge, akidhani mambo yatamalizika kwa kitoweo. Mzee Muyisa akawapokea samaki, akasema "wasingya", yaani asante, akamkalisha, akamlisha samaki haohao. Kisha akamwambia: "Mulimuoa mbele ya wazee. Mutamuchukua na wazee." Mathe akarudi Butembo akikuna kichwa chini ya helmeti.

Huku nyumbani nako kulikuwa na lililotokea. Watu waliokimbia vita huandikwa, na siku ya kugawa unga na mafuta majina hubandikwa ukutani. Siku zote Virginie ndiye aliyekwenda na mkwe wake, akamtafutia mstari wake kwenye karatasi, wakarudi na gunia. Safari hii Koko Kavuo alikwenda peke yake, maana Mathe alikuwa gereji na watoto shuleni, na hakutaka kuomba mtu. Alimwuliza kijana mmoja aliyekuwa na haraka. Kijana akapitisha jicho, akasema hakuna jina kama hilo. Bibi akageuka, akarudi kwa miguu. Kesho yake jirani mmoja akamwambia jina lake lilikuwepo, mstari wa tatu kutoka juu, na kwamba ugawaji umeshafungwa.

Alikuja akakaa kwenye benchi langu. Nilimwekea sahani, hakuigusa.

"Jina yangu ilikuwa pale ku ukuta," aliniambia. "Nilisimama mbele yake. Hatukujuana."

Nilitaka kumtafuta yule kijana nimtandike. Nilichofanya ni kukaa naye mpaka maharage ya mwisho yakaungua, na wateja wangu siku hiyo walikula walichokikuta.

Alfajiri iliyofuata hapakuwa na moshi. Wala siku iliyofuata.

Mwanzoni mwa Julai, Manassé mwenyewe aliongoza wazee na mbuzi kwenda kwa mzee Muyisa, umbali wa nyumba tisa. Hakuna aliyemlazimisha, barabara yake ndiyo iliyomshinda. Maneno yakasemwa, mbuzi akapokelewa. Mzee Muyisa akamgeukia binti yake amwulize anarudi lini, kwa sababu aliyefukuzwa ndiye anayechagua siku. Virginie akachagua Jumamosi ya kabla ya mtihani. Wazee wakatazamana. Siku ilikuwa yake, wangefanya nini?

Mtihani ulichukua siku nne. Aliufanya hapa Butembo, kwenye chumba kimoja na watoto aliowafundisha kuandika, ambao walimwamkia "bonjour, mwalimu" na kumwazima rula. Siku ya tano alilala. Jumamosi, kama alivyosema Januari, alifungua jiko lake, akafuta buibui, akawasha makaa, akapika bukari na samaki. Tulikula wote. Koko Kavuo akasema chumvi imezidi, na ilikuwa imezidi.

Matokeo yalikuja Agosti, kwa simu. Siku hiyo ua wa Virginie ulijaa. Manassé alikuwa amepanda kutoka Beni. Alisema ana shughuli mjini, lakini alikuwa amevaa koti. Jemima alikuwa ameficha kopo la poda mgongoni, maana huku anayefaulu humwagiwa poda kichwani mpaka awe mweupe kama mwokaji mikate. Mathe ndiye aliyeshika simu. Ilipolia, alisoma, akasoma tena. Hakukuna kichwa. Hapo ndipo nilipojua.

"Quarante-huit," alisema. Arobaini na nane.

Anayefaulu ni wa hamsini. Jemima alilisukuma kopo chini ya benchi kwa mguu. Virginie alikaa chini palepale, juu ya ardhi, akalia kwa sauti, bila kujifunika uso. Miaka kumi na minne! Watoto sitini na wawili! Nilikuwa na hasira kiasi kwamba kama mkurugenzi yule angepita barabarani ningemmwagia mchuzi wa moto, na Mungu anisamehe kwa sababu mimi sijisamehe kwamba hakupita.

Manassé alikohoa. Nilijua atakohoa.

"Basi, ni mapenzi ya Mungu," alisema. "Mutoto ya batu amejaribu, tumeona. Darasa imeenda. Sasa arudi ku jiko, maisha iendelee."

"Sijamaliza," Virginie alisema kutoka pale chini, machozi yakiendelea kumtoka. "Nitafanya tena."

"Utafanya tena namna gani? Donc mwaka muzima tena batu bale maharage?"

Ndipo Koko Kavuo aliponyanyuka. Huyu mama ni mfupi. Akisimama, tofauti na akiwa amekaa ni ndogo. Lakini alisimama, na watu wakamgeukia.

"Virginie. Ilipunguka ngapi?"

"Mbili, Mama."

"Mbili tu? Ku hamsini?"

"Ndiyo, Mama."

Bibi alitikisa kichwa polepole, kama anayepima kitu mkononi. Kisha akamgeukia mwanawe mkubwa.

"Manassé, Pasaka ikifika, umufukuze tena."

"Mama?"

"Umufukuze. Sawa vile ulimufukuza. Umurudishe Beni kwa baba yake, akae pale bila kugusa sufuria mpaka siku ya examen. Ile mbuzi ingine nitatafuta mimi. Na kufikia pale, hapa hakuna mutu atamuomba chakula. Tutakula kwa Adèle."

"Mais Mama," Manassé alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtoto, "nitamufukuza juu ya kosa gani?"

"Utafute," Koko Kavuo alimjibu. "Pasaka hii kosa ulipata mbio."

Mimi ndiye niliyeanza kucheka, na sikuona aibu. Akafuata Jemima, akafuata Mathe, na mwisho Virginie mwenyewe, bado amekaa chini, kamasi na machozi vyote pamoja, akicheka kwa kwikwi. Mama mkwe wake akamnyooshea mkono amwinue. Manassé alisimama peke yake katikati ya ua ule. Kisha akatoa simu mfukoni, akavaa miwani, akaanza kutafuta Pasaka ya mwaka kesho itaangukia tarehe gani.